Rafu ya Chini

Duka la karibu na kituo cha treni, hapa Béziers,
limepanga mvinyo kama wageni wa harusi:
wenye majina mbele, usawa wa macho,
wenye ngome za dhahabu kwenye lebo, wenye mihuri, wenye farasi,
na akina sisi chini, jirani na sabuni ya sakafu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Kwa hiyo napiga magoti.

Goti la kushoto linalia kama bawaba.
Mkononi dengu, soseji nne, karoti,
na yuro kumi na moja za kunifikisha Ijumaa.
Loïc wa duka ananiinamia: Bibi Vernhes, umeangusha kitu?
Sijaangusha. Natafuta.

Na huku chini, nyuma ya vumbi,
Corbières ya yuro tatu na senti arobaini,
lebo nyeupe, herufi kavu kama barua ya benki.
Naigeuza. Chupa husema kweli kwa mgongo:
kijiji gani, nani kaijaza,
na kama aliona haya kuandika jina lake.
Huyu hakuona haya. Familia ya Cazals. Na namba ya simu.
Anayekuachia namba haogopi kupigiwa.

Rahisi ghali, husema shemeji yangu Fulbert,
wa kampuni ya bima, Lyon, anayeonja akiwa amefumba macho.
Pasaka alituletea chupa ya yuro themanini.
Sitasema ilikuwa mbaya.
Ilikuwa kanisa.
Tukanyamaza. Tukanusa. Akatuambia tunanusa nini:
tumbaku, cheri nyeusi, ngozi ya kiti cha gari.
Nyama ya kondoo ikapoa, mafuta yakaganda meupe sahanini,
na mama mkwe, ambaye haoni vizuri lakini anakula vizuri,
akauliza kwa sauti ya chini
kama sasa ruhusa kutafuna.

Mimi nimepikia watoto wa shule miaka ishirini na sita.
Najua chakula kinapoonewa.
Mvinyo wangu siutaki uhutubie.
Uvute kiti, ukae, upitishe chumvi.

Onjo la kwanza, kweli, ni ukakasi:
ulimi unajikunja kama uliolamba ganda la komamanga.
Usiuhukumu hapo.
Nani humhukumu mgeni akiwa bado mlangoni, koti mwilini?
Ngoja soseji ipasuke chini ya uma,
mafuta yaukute ukakasi, yaulainishe,
nao uyafagie, mdomo ubaki safi, ukitaka tena.
Ngoja dengu, zenye harufu ya udongo baada ya mvua,
zikutane na mzabibu ulionyonya mawe miaka hamsini.
Hawakuwahi kuonana. Wanaongea kama waliosoma darasa moja.

Ijumaa, saa moja jioni. Gaspard mezani.
Siku hizi harudi kutoka kiwandani;
kiwanda ndicho kilichoondoka.
Tangu Jumatatu maneno yake nayahesabu: ndiyo, hapana, baadaye.

Akala. Akanywa. Akakata mkate, akafuta mchuzi,
akajimiminia tena.
Bei gani?
Nikamwambia.
Akapiga mluzi mdogo,
akaigeuza chupa, akavaa miwani,
na kabla sijamzuia akachukua simu.

Saa mbili na nusu usiku, kwa watu tusiowajua!

Akapokea mwanamke, mdomo umejaa.
Kuna tatizo na mvinyo? akauliza.
Hapana, mama, akasema Gaspard. Hakuna tatizo.
Tunakula tu. Nikaona nikwambie.

Kimya. Kijiko kikagonga sahani, kule kwao.

Mnakula nini?

Na mume wangu, ambaye hajui hata sufuria inakaa wapi,
akaanza kumweleza dengu zangu,
tangu kitunguu.